Fahamu: Soketi ya USB kwenye sola ya volti 12

Nyumba ya Mkula, mkoani Simiyu, isiyo na umeme wa TANESCO mara nyingi hutegemea betri ya volti 12. Simu huhitaji 5 tu. Wengi hupitia inveta: umeme unapandishwa hadi volti 230, kisha chaja inaushusha tena. Ni hasara tupu.

Soketi ya USB, kama ile ya bodaboda, huushusha umeme wa betri moja kwa moja hadi volti 5.

Waya mwekundu uende chanya, mweusi hasi. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, maana nyaya zikigusana zinaweza kuwasha moto. Soketi ya wati 10 huvuta takriban ampea 1. Fyuzi ya ampea 3 inatosha.

Usiunganishe soketi moja kwa moja kwenye paneli: juani, paneli ya “volti 12” huweza kutoa zaidi ya 20.