Ukungu wa Kioo Leo, Ukungu wa Ukuta Kesho



Miezi ya baridi ikifika, yaani Juni, Julai na Agosti, watu wa Limuru, Kinangop, Molo na sehemu nyingine za juu wanalijua jambo hili vizuri. Mtu anaoga maji moto asubuhi, anajipangusa, kisha anageukia kioo ili anyoe ndevu au achane nywele. Kioo hakionyeshi kitu! Kimekuwa cheupe kama kimepakwa chokaa. Anakipangusa kwa taulo, na kabla hajashika wembe kimerudi vile vile.

Wengi hukasirika kidogo na kwenda zao kazini. Lakini kioo hicho kina habari ya kutuambia kuhusu nyumba tunazolala, vifua vya watoto wetu, na hata mahindi tuliyoyaweka. Kwa hivyo hebu tulichunguze jambo hili polepole, kisha tuone la kufanya.

MAJI HAYA YANATOKA WAPI?

Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani. Baada ya dakika chache chupa inatoka jasho. Je, soda imepenya kwenye chupa? La, hasha. Maji hayo yalikuwa hewani tangu mwanzo, ila hatukuyaona.

Hewa yote hubeba maji yaliyogeuka mvuke. Hewa yenye joto inaweza kubeba mengi, na hewa baridi hubeba kidogo tu. Chukua mfano wa bafu dogo lenye mita 2 kwa mita 2, na kimo cha mita 2 na nusu. Hewa iliyomo, ikiwa na joto la digrii 25, inaweza kubeba karibu gramu 230 za maji, yaani karibu robo lita. Hewa hiyo hiyo ikipoa hadi digrii 15, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 130 hivi. Zile gramu 100 zilizozidi lazima zitue mahali.

Zitatua wapi? Zitatua pale penye baridi kuliko kwingine. Kioo kimening'inia ukutani usiku kucha na kimepoa kama ukuta wenyewe. Mvuke wa maji moto ukikigusa, unageuka matone madogo sana, maelfu kwa maelfu. Kila tone hutawanya mwanga upande wake, na ndiyo sababu tunaona weupe badala ya sura zetu. Ni jambo lile lile la umande kwenye nyasi alfajiri.

Ndugu zetu wa Mombasa huliona kwa njia nyingine. Mtu mwenye miwani akitoka katika ofisi iliyopozwa kwa mashine na kuingia nje kwenye joto la bahari, miwani inafunga ukungu mara moja. Pale miwani ndiyo baridi, na hewa ya nje ndiyo iliyojaa maji.

NJIA ZA KUZUIA KIOO KISIFUNGE UKUNGU

Ukishajua chanzo, dawa zinajipanga zenyewe: punguza mvuke, utoe nje, kipashe kioo joto, au uyazuie maji yasisimame kama matone.

1. Maji baridi kwanza. Ikiwa unaoga kwa karai au beseni, tia maji baridi kwanza, halafu ongeza ya moto hadi yawe ya kukutosha. Maji yaliyochemka yakimwagwa peke yake kwenye beseni hujaza bafu mvuke. Na kuna faida kubwa zaidi: mtoto akitumbukiza mkono kwenye beseni kabla hujamaliza kuchanganya, hataungua. Hata kama hujali kioo, fanya hivi kwa ajili ya mtoto.

2. Fungua njia ya mvuke. Fungua dirisha la bafu, hasa sehemu ya juu, kwa maana mvuke wenye joto hupanda. Ukimaliza kuoga, funga mlango unaoingia ndani ya nyumba na uache dirisha wazi. Ukifanya kinyume, umeuhamisha mvuke kutoka bafuni hadi chumba cha kulala.

3. Sabuni. Hii ndiyo dawa ya bei nafuu kupita zote. Chukua kipande cha sabuni kikavu, chora mistari kadhaa kwenye kioo kikavu, kisha sugua kwa kitambaa safi mpaka kioo king'are tena. Sabuni haizuii maji kutua. Inayafanya yatandae kama utando mwembamba badala ya kusimama matone matone, na kwenye utando huo utajiona vizuri. Povu la kunyolea ndevu hufanya kazi hiyo hiyo. Baada ya siku chache rudia tena.

4. Kioo kiwe safi. Vumbi, mafuta ya nywele na alama za vidole huyapa matone mahali pa kushika. Kisafishe kioo kwa maji yenye siki kidogo, ukikaushe, ndipo upake sabuni.

5. Mahali pa kutundika. Ukuta unaotazama nje ndio wenye baridi zaidi. Ikiwezekana, tundika kioo kwenye ukuta wa katikati ya nyumba. Tena, usikibandike ukutani kabisa. Weka vipande vidogo vya mbao nyuma yake ili hewa ipite. Kioo kinachokaa na maji mgongoni huanza kufanya madoa meusi pembeni, kwa sababu ule utando wa madini unaorudisha sura yako umeanza kuliwa.

Kuna pia vioo vyenye waya za umeme nyuma yake vya kuvipasha joto. Hivi hufanya kazi vizuri, lakini ni ghali, na lazima vifungwe na fundi wa umeme anayejua kazi yake. Usijaribu kuleta hita ya kawaida ya umeme bafuni. Maji na umeme haviishi nyumba moja.

NENO MOJA, MAMBO MAWILI

Lugha yetu ya Kiswahili iliona mbali. Ule weupe wa kioo tunauita ukungu. Na ile michirizi ya kijani na nyeusi inayoota ukutani, au kwenye mkate uliokaa, pia tunaiita ukungu. La kwanza ni maji, la pili ni kiumbe kidogo cha jamii ya kuvu. Lakini mmoja humlea mwenzake. Ukuta unaolowa kila asubuhi na usikauke hadi jioni, baada ya muda utaota.

Wala si bafu peke yake linaloleta maji. Mtu mmoja aliyelala hutoa karibu kikombe cha maji kwa usiku mmoja kwa pumzi na jasho. Ikiwa watu sita wamelala chumba kimoja, hebu hesabu. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua kwenye stovu au taa hutoa mvuke wa maji unaokaribia lita moja. Kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa hata zaidi ya lita moja. Ongeza sufuria ya githeri inayochemka saa tatu bila kifuniko, na nguo za mtoto zilizoanikwa kwenye kamba ndani ya nyumba.

Maji hayo yote yanatafuta mahali penye baridi. Kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari, mahali hapo ni juu ya vichwa vyetu. Watu hushangaa: mvua haikunyesha, na bado mabati yanadondosha maji kitandani alfajiri! Fundi anaitwa azibe matundu ambayo hayapo. Mabati hayavuji. Yanafunga ukungu kama kioo cha bafuni.

Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga, mzee, na mwenye pumu. Ukungu wa ukutani hurusha vumbi jepesi sana lisiloonekana. Ukilivuta kila usiku, kikohozi hakiishi na pumu huamka. Mama anaweza kurudi zahanati mara nyingi na mtoto yule yule, kumbe dawa nyingine ilikuwa dirishani.

Si jambo jipya. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, kuhani anaagizwa kwenda kuikagua nyumba yenye madoa ya kijani au mekundu kwenye kuta. Mawe yenye madoa yalitolewa, kuta zikakwanguliwa na kupakwa upya. Watu wa zamani walijua kwamba afya ya mtu na afya ya ukuta wake huenda pamoja.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Nyumba nyingi za kudumu zina matundu ya hewa juu ya madirisha. Wakati wa baridi watu huyaziba kwa matambara na magazeti. Tafadhali yazibue. Ukiogopa mbu, weka wavu wa waya. Funika sufuria unapopika, na usogeze jiko karibu na mlango. Anika nguo nje. Vuta kitanda upana wa kiganja kutoka ukutani. Asubuhi fungua madirisha ya pande mbili kwa nusu saa, hata kama kuna baridi. Mwenye uwezo aweke dari, hata ya mbao nyepesi. Na ukungu ulioota tayari, uoshe kwa maji na sabuni, ukaushe kabisa, kisha uondoe kilichouleta, la sivyo utarudi.

ONYO: JIKO LA MAKAA SI LA KUKAUSHIA NYUMBA

Hapa tunaomba msomaji atulie. Wako wanaowasha jiko la makaa na kuliingiza bafuni au chumbani ili kuondoa baridi na unyevu. Halafu wanafunga mlango na dirisha joto lisitoke. Ni kweli kioo hakitafunga ukungu, lakini watu wanaweza wasiamke.

Makaa yanayoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu, inachukua nafasi ya ile hewa safi ambayo mwili unahitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mtu hudhani amechoka tu, analala. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu, kwa sababu kukosa moshi si kukosa sumu. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua kila kitu, mtoe nje kwenye hewa safi, na umkimbize hospitali. Usimwache alale "apumzike."

NA MAHINDI JE?

Wengi wetu huweka magunia ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Mahindi yaliyoegemea ukuta wenye maji, au yaliyolazwa kwenye sakafu ya simiti, hulowa polepole na kuota kuvu. Kuvu wengine hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafa. Hatuwezi kusahau.

Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kuyahifadhi, pima ukavu kwa njia hii. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi mpaka robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji mengi, yarudishe juani. Ikianguka yote chini, yamekauka kiasi, ingawa ni vizuri yaendelee kuanikwa siku moja mbili zaidi, maana kiwango kinachotakiwa kwa kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13 na nusu.

KAZI YA JUMUIYA

Tunapendekeza kila jumuiya ndogo ndogo, ikikutana wiki hii nyumbani kwa mmoja wao, itumie dakika kumi baada ya sala kufanya ukaguzi. Tazameni matundu ya hewa: yako wazi? Gusa ukuta nyuma ya kitanda: ni mkavu? Uliza jiko hulala wapi usiku. Kama kuna mjane au mzee asiyeweza kupanda ngazi kuzibua matundu yake, vijana wawili na bisibisi wanatosha, na kazi haichukui hata saa moja.

Tahadhari kabla ya athari. Mungu awabariki.