Mkanda Unapolia, Uliza Unavuta Nini

Bila shaka umewahi kuamshwa na lori. Ni alfajiri, giza bado halijaondoka, mtu anawasha Fuso lake la zamani, na kabla injini haijatulia unatoka mlio mwembamba, mkali, kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Unadumu kidogo, kisha unakoma. Watoto wanageukia upande wa pili na kuendelea kulala. Huo ni mkanda wa feni, na mahali kama Ntalikwa, nje ya mji wa Tabora, watu wameuzoea hata hawausikii tena. Jumapili hii nakuomba tuusikie.

Nchi ile imejua mizigo kwa muda mrefu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, bidhaa kati ya pwani na Ujiji zilipita pale mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mtu na furushi lake la kilo 30 hivi. Kiongozi wa msafara aliyeziba masikio mpagazi wake aliponung'unika, aliweza kuamka asubuhi akaukuta mzigo upo na mwenyewe hayupo. Siku hizi mzigo umehamia kwenye lori: mahindi, karanga, mpunga, tumbaku. Na lori lililobeba mahindi mchana ndilo hilo hilo ambalo usiku wa manane mwenye nalo hugongewa mlango, kwa sababu kuna mama ameshikwa na uchungu na anatakiwa afike Hospitali ya Kitete. Kwa hiyo mlio ule wa alfajiri si kero ya majirani tu.

Mkanda wenyewe ni kitu kidogo cha mpira. Unachukua nguvu kwenye puli ya chini ya injini na kuzungusha feni, pampu ya maji, na altaneta inayochaji betri. Ukikatika porini, maji hayazunguki tena kwenye injini, mshale wa joto unapanda, na dereva asipozima mapema gasketi inaungua na silinda hedi inapinda. Kama ni usiku, taa nazo zinaanza kufifia.

Sasa angalia tunavyoutibu. Dawa ya kwanza ni sabuni. Utingo anaruka chini na kipande cha sabuni ya mche, anakipitisha ubavuni mwa mkanda, na mkanda unanyamaza. Abiria wanamsifu. Lakini sabuni haijaupa mkanda nguvu yoyote ya kushika. Imeondoa sauti tu. Mkanda unaendelea kuteleza kimyakimya, unapata joto, mbavu zake zinang'aa kama kioo, na siku utakapokatika hakuna atakayekuwa ameonywa.

Dawa ya pili ni spana. Dereva analegeza bolti za altaneta, anaisukuma kwa nondo, na kukaza mpaka mkanda uwe kama waya wa gitaa. Kelele inaweza kuisha. Lakini mkanda uliokazwa kupita kiasi unazivuta beringi za altaneta na za pampu ya maji mchana kutwa, na haichukui muda mrefu pampu inaanza kuunguruma na kuvuja. Amenunua kimya cha shilingi mia kwa pampu ya maelfu.

Fundi anayeijua kazi yake huanza kwa kuuliza, na swali lake la kwanza ni la ajabu kidogo: unalia saa ngapi? Ukilia asubuhi tu na kunyamaza baadaye, huenda betri ililala imechoka, altaneta inafanya kazi kubwa ya kuirudishia chaji, na mkanda uliolegea unateleza kwa uzito huo. Ukilia taa zikiwashwa, ni habari hiyo hiyo. Halafu, injini ikiwa inanguruma, hunyunyiza maji kidogo kwenye mkanda akiwa amesimama mbali na feni (na mikono ya shati ameikunja, maana feni haichagui kati ya mkanda na nguo). Mlio ukizidi, mkanda unateleza. Ikiwa ni ule mlio wa kukatika-katika kama kifaranga, na maji yakautuliza kwa muda kisha ukarudi, basi puli hazikukaa kwenye mstari mmoja.

Baadaye huzima injini na kubonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Kwenye malori mengi ya zamani unatakiwa kubonyea kama sentimita moja hivi. Huchungulia pia umekaaje kwenye mfereji wa puli, kwa sababu mkanda wa aina hii hushika kwa mbavu zake, haushiki kwa tumbo. Ukishalika mpaka ukazama chini ya mfereji, kaza utakavyokaza, umekwisha. Na ukiwa umelowa oili, kwanza tafuta inakovuja, la sivyo hata mpya utalia.

Lakini hatua ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mwisho. Anautoa mkanda kabisa, kisha anazungusha kila puli kwa mkono, moja baada ya nyingine, taratibu, kichwa amekiinamisha. Hii inazunguka vizuri. Hii nayo sawa. Hii ya tatu inakwama, inasagika kama ina mchanga ndani. Basi ndiyo hiyo. Mkanda ulikuwa unapiga kelele kwa sababu ulikuwa unaburuta gurudumu linalokufa bila kutoa sauti.

Ndugu yangu, katika nyumba zetu na makanisa yetu wapo watu ambao kazi yao imekuwa kulia kwa niaba ya wengine. Mama anayelalamika kila jumuiya inapokutana. Kijana aliyekuwa mpole, sasa anajibu vibaya. Tunawapaka sabuni: vumilia mama, ndoa zote ndivyo zilivyo. Ikishindikana tunachukua spana: jifunge kibwebwe, kaza mwendo, ongeza kufunga na kuomba. Siidharau sala wala mfungo hata kidogo. Nasema tu kwamba mara nyingi hakuna aliyeuliza mama huyu anavuta nini. Huenda yupo mume ambaye hajaleta fedha nyumbani tangu tumbaku iuzwe, ambaye kanisani huketi kimya na kwa kimya hicho tunamwita mtu mwema. Huenda huyo mume naye amekwama kwenye deni ambalo hajamwambia mtu. Tunamkaza anayelia, na aliyekwama hatumgusi.

Soma sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza ukiwa na mawazo haya. Kilio cha Hana kilikuwa na saa yake: mwaka hata mwaka, walipopanda kwenda Shilo, pale ambapo mke mwenzake Penina alimchokoza hata akalia na kuacha kula. Elkana mumewe alimpenda kweli, na kwa upendo huo huo akampaka sabuni. Alimuuliza kama yeye hakuwa bora kwake kuliko watoto kumi wa kiume. Ni maneno matamu, lakini hatusomi kwamba alimgeukia Penina hata mara moja.

Halafu kuhani Eli, mtumishi wa Mungu, akaona midomo inacheza bila sauti, akahukumu kwamba mwanamke amelewa, akamwambia aache mvinyo wake. Alisikia mlio akataja ugonjwa usiokuwapo. Mimi namheshimu Eli kwa kilichofuata. Hana alipomjibu kwamba hakunywa kitu, bali alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana, mzee yule hakushikilia neno lake la kwanza. Alisikiliza, akabadili kauli, akamwambia aende kwa amani. Na Maandiko yanasema Hana akaenda zake, akala chakula, uso wake usiwe na huzuni tena. Samweli alikuwa bado hajatungwa mimba.

Nirudi kidogo kwa fundi, maana kuna jambo madereva husahau. Mkanda mpya hutanuka ukianza kazi. Ukiufunga leo na kuondoka moja kwa moja, baada ya siku chache utakuwa umelegea na utalia tena, na mtu atasema mkanda ni feki. Ndiyo maana fundi hamwachi dereva aende hivi hivi baada ya kulipwa. Humwambia apige safari mbili tatu za karibu, kisha apite tena, waubonyeze kwa dole gumba pamoja.