Mtu Kaanguka Mtoni: Kazi ni ya Chombo

Hakuna daraja kati ya Makiso na Lubunga. Anayetoka ukingo wa kushoto na makaa, mihogo au ndizi za kuuza katikati ya mji wa Kisangani huvuka Mto Kongo kwa pirogi ya kasia, kwa mtumbwi wa moteri au kwa balenieri, yaani boti kubwa ya mbao yenye moteri, na kivuko kikiwepo huvuka kwa kivuko. Maji anayovuka yametoka punde tu kwenye maporomoko ya Wagenia, ya mwisho kati ya yale saba ya Boyoma yanayoanzia Ubundu, na bado yanazunguka na kujikunja kabla ya kutulia na kuwa njia ya meli ya takriban kilomita 1,700 hadi Kinshasa. Mahali kama hapa, mtu kuanguka mtoni si jambo la ajabu. La kujadili ni kinachofuata. Sauti ya kwanza kusikika huwa ni ya kumtaka kijana hodari wa kuogelea ajirushe. Nadhani tunaanzia pabaya. Kumtoa mtu majini ni kazi ya chombo na ya yule anayekiendesha, na pupa yoyote inayotangulia kabla chombo hakijawekwa mahali pake huongeza idadi ya walio hatarini.

Kosa la kwanza hutokea machoni. Abiria hukariri mahali mwenzao alipoangukia kwa kutazama ukingoni: mkabala na mwembe ule, usawa wa ghala lile. Lakini mto hauna mahali. Mkondo ukienda mita moja tu kwa sekunde, baada ya dakika tatu aliyeanguka yuko mita 180 chini ya mwembe huo, na anayerudi kwenye mwembe anatafuta maji matupu. Kwa upande mwingine, ukiacha kupiga kasia, pirogi na mtu huteremka pamoja kwa mwendo mmoja, kama abiria wawili wa gari moja. Mwenye kasia anayeacha mara moja kupambana na mkondo hubaki karibu na mwenzake, wakati yule anayejitahidi kung'ang'ania usawa wa ukingo ndiye anayempoteza. Kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi moja tu: kukitazama kile kichwa na kukinyooshea mkono bila kugeuka, hata kama jirani yake anapiga mayowe au mzigo wake unaloa. Mwendeshaji afuate mkono huo, asifuate mwembe.

Kwenye chombo cha moteri mambo ni makali zaidi, kwa sababu kuna kisu kinachozunguka chini ya maji. Tuseme abiria ameanguka upande wa kulia. Mwendeshaji ameketi tezini, ameshika mkono wa moteri. Akiusukuma mkono ule kushoto, omo inageuka kulia, tezi inatupwa kushoto, na rafadha, yaani ile elisi ya mafundi wa bandarini, inahama kutoka kwa yule mtu. Akiuvuta kulia kwa sababu ndiko macho yake yalikokwenda, anaipeleka elisi miguuni mwa anayetaka kumwokoa. Tofauti ni ya kiganja kimoja na nusu sekunde, na mwili hauichagui vizuri bila mazoezi. Kisha chombo kinachokata maji kwa kilomita 10 kwa saa huacha karibu mita tatu kila sekunde. Mwendeshaji akishangaa nusu dakika, mtu yuko nyuma mita themanini na zaidi, na kwenye mawimbi madogo ya alasiri kichwa cha binadamu kwa umbali huo huonekana na kupotea.

Baada ya kugeuka, chombo kimfikie kutoka wapi? Kwa mto wetu jibu langu halina kusitasita: kutoka chini, omo ikielekea juu ya mto. Ikiwa mlikuwa mnapanda, mpite kando yake kwa umbali wa kutosha, mteremke chini yake, mgeuke, ndipo mumkaribie polepole. Ikiwa mlikuwa mnateremka, mko chini yake tayari. Ni kugeuza tu. Anayejua mto atasema, na kwa haki, kwamba juu ya maji yanayotembea kwa pamoja mtu na chombo haviuhisi mkondo, hivyo upande wowote ungefaa. Ni kweli katikati ya mto mtupu. Bandarini Makiso mto si mtupu. Kuna mabaji, yaani matishari, yaliyofungwa, kamba za nanga, miti iliyokwama, magugu maji yanayojikunja kwenye elisi. Maji yanayokutana na omo bapa ya baji hayazunguki yote pembeni. Mengine huingia chini yake, na kinachoelea huingia nayo. Chombo kinachomjia mtu kutoka juu huenda kwa kasi ya mkondo pamoja na ya kwake, na kikichelewa kidogo kinabanwa ubavu kwenye baji hiyo hiyo. Chenye omo juu ya mto kinaweza kusimama palepale kwa kuongeza moteri kidogo, na kikipindisha omo kidogo mkondo wenyewe hukipeleka pembeni. Wapiga kasia wa Lubunga hutumia ujuzi huo huo kila siku: hupanda kwanza kandokando ya ukingo, halafu huuachia mto uwavushe kwa mshazari. Vitabu vya mabaharia hubishana kurasa nyingi juu ya upepo, upande wa joshi au wa demani. Hapa, isipokuwa dhoruba, mkondo ndio wenye neno la kwanza.

Pingamizi zito ni la muda. Frank Pia, mlinzi wa ufukweni wa New York aliyechunguza filamu za watu wanaozama, alionyesha kwamba asiyejua kuogelea hubaki juu ya maji sekunde 20 hadi 60 tu, na mara nyingi kimya, kwa kuwa mdomo unaopata nafasi ya kuvuta hewa haupati nafasi ya kuita. Mzunguko niliouelezea unaweza kuchukua dakika mbili. Si ni kumwacha afe kwa utaratibu mzuri? Ingekuwa hivyo kama hakuna kinachotupwa. Ndiyo sababu kitu cha kuelea hutangulia usukani, na Kisangani kitu hicho kimejaa kila mahali: bidoni la lita 20. Likiwa tupu na kifuniko kimekazwa, hubeba karibu kilo 20 kabla ya kuzama. Jaketi la kuokolea la kawaida la mtu mzima hubeba kilo 10 hadi 15. Bidoni halitainua uso wa aliyezimia, na katika hilo jaketi halina mbadala. Lakini kwa anayetapatapa linageuza sekunde sitini kuwa dakika nyingi, maana maji ya Kongo ni ya uvuguvugu na baridi haitamwahi. Mabidoni mawili yakifungwa kamba, yakae mkononi mwa abiria, si chini ya magunia.

Na yule kijana hodari? Mtu anayezama hukumbatia chochote kinachofika, na mwogeleaji anayefika mikono mitupu ndiye anayekumbatiwa. Zaidi ya hayo, pirogi ya makasia mawili imepoteza kasia moja wakati inapoihitaji kuliko wakati wowote. Sisemi asiingie kamwe. Mtoto aliyezimia hawezi kushika bidoni, na hapo mtu lazima aingie, akiwa na kamba kiunoni na kitu cha kuelea mbele yake, chombo kikiwa kimekwisha fika. Hiyo ni hatua ya mwisho.

Kufika kwenyewe kuna mtego. Moteri izimwe kabisa mita chache kabla. Kwenye pirogi nyembamba abiria wote wakiinamia upande mmoja kunyoosha mikono, mnakuwa kumi majini badala ya mmoja. Mtu apokelewe omoni au tezini, na mpokeaji mmoja aliyeketi chini kabisa, wengine wakitulia. Ikishindikana, ashike ncha ya pirogi akokotwe hadi ukingoni bila kupandishwa. Balenieri ina ubavu mrefu, na mtu mzima mwenye nguo zilizolowa hainuliwi kwa mikono miwili. Kitanzi cha kamba cha kukanyagia, au tairi lililoning'inizwa ubavuni kwa ajili ya gati, hufanya kazi ambayo wanaume watatu hawaiwezi. Akitoka bila kupumua apewe pumzi kwa mdomo papo hapo. Kumning'iniza kichwa chini kunapoteza dakika.

Wapo watakaosema yote haya ni kuziba ufa ukuta ukiwa chini, kwamba wanaoua watu mitoni ni wenye vyombo wanaojaza kupita kiasi. Aprili 2025 balenieri HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka, na miongoni mwa waliokufa wamo wengi waliojirusha bila kujua kuogelea. Hakuna mzunguko wa omo ambao ungewatosha wale. Nakubali, lakini hoja hizi mbili ni moja. Chombo ambacho ukingo wake umebaki kiganja kimoja juu ya maji hakiwezi kugeuzwa kwa haraka bila kunywa maji, na kisicho na nafasi ya kupita kati ya magunia hakina wa kufika omoni. Komiseri wa mto anayekagua orodha ya abiria angeweza kuongeza swali moja kwa mwendeshaji: akianguka mmoja sasa hivi, onyesha. Kipimo chake ni rahisi. Bidoni lililojazwa maji hadi kubaki kidogo tu juu huelea chini chini kama kichwa cha mtu; litupwe bila onyo, chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida, tena mara moja likitupwa upande wa kulia na mara moja upande wa kushoto, maana kiganja kilichozoea upande mmoja hukosea ule mwingine.