Uchungu Unaoulinda Mtofaa

Kateni tofaa la Ulaya kwa kisu, mliweke mezani, na kabla ya kumaliza mazungumzo yenu mtaona nyama yake nyeupe imegeuka rangi ya kahawia. Mama zetu wayajua mambo hayo hata kama hawajapata kuonja tofaa: biringanya lililokatwa hufanya vivyo hivyo, na utomvu wa ndizi mbichi huacha madoa meusi yasiyotoka nguoni. Wengi hudhani kwamba tunda limeanza kuoza. Sivyo. Ni mmea uliojeruhiwa, nao unajitetea.

Mti hauna miguu ya kumkimbia adui. Muumba ameujalia badala yake maji makali, ambayo wataalamu huyaita fenoli. Fenoli mashuhuri ya mtofaa iligunduliwa mwaka 1835 huko Leuven, katika Ubelgiji, na vijana wawili, de Koninck na Stas, waliokuwa wakichunguza maganda ya mizizi yake. Ikaitwa floridzini. Ni chungu mno. Katika nyama ya tunda imo kidogo tu, ndiyo maana twalila kwa furaha. Lakini majani yamejaa.

Tazameni sasa jinsi inavyofanya kazi. Floridzini hukaa imefungwa pamoja na sukari, isiudhuru mti wenyewe. Adui anapozivunja chembe za jani, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kando hukutana nayo, huiondoa ile sukari, na kinachobaki ni floretini, sumu kwa vijidudu vya ule ugonjwa unaoyakausha machipukizi kana kwamba yamepitiwa na moto.

Hata hivyo silaha hiyo haishindi siku zote. Upo ugonjwa mwingine, kigaga, uletwao na kuvu iitwayo Venturia. Kuvu hiyo hulala wakati wa baridi katika majani yaliyoanguka chini. Mvua za mwezi wa nne zinyeshapo, hurusha viini vyake juu ya majani machanga, yale ambayo bado ni laini. Jani likiisha kukomaa, kuvu hushindwa kuliingia. Tunda lililoshikwa huota madoa meusi, hupasuka, wala halipati bei sokoni. Kwa sababu hiyo wenye mashamba wengi wa Ulaya hupuliza dawa mara kumi na zaidi kila mwaka, na gharama yake si ndogo.

Lililotushangaza kupita yote ni habari ya mbolea. Mwaka 2005 wataalamu wa Ujerumani walionyesha kwamba mtofaa uliopewa nitrojeni nyingi hukua upesi, lakini fenoli hupungua katika majani yake, na kigaga huushika kwa wepesi zaidi. Nguvu ambazo zingetengeneza silaha zimetumika kurefusha matawi. Naye mwenye shamba, akipita asubuhi na kuyaona majani mapana ya kijani, hufurahi moyoni. Majuma machache baadaye yumo njiani kwenda kununua dawa.