Jina Usomalo Katika Kioo cha Redio Latoka Wapi?

Walioishi miaka ya 1950 hapa pwani waliijua Sauti ya Mvita na Sauti ya Unguja kwa masikio tu. Redio nyingi za wakati ule zilitoka Ulaya, na vioo vyake vilipigwa chapa majina ya miji ya mbali kama London, Paris na Hilversum. Mshale ulipita juu ya majina hayo bila ya kujua ni nani anayenena. Mwenye kutambua alikuwa ni msikilizaji mwenyewe: kwa sauti ya mtangazaji aliyemzoea, kwa muziki wa kufungulia, au kwa kungoja mpaka jina litajwe.

Siku hizi mambo yamegeuka. Ukifungua FM katika gari lenye redio ya kisasa, waweza kuona jina la stesheni limeandikwa kiooni, na saa, na pengine jina la kipindi. Nimewasikia wengi wakisema kwamba redio imewekewa orodha ya stesheni huko kiwandani. Sivyo. Na naona yafaa tulieleze jambo hili, kwani kulijua kwaweza kumfaa mtu hata katika saumu yake.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtindo huu huitwa RDS, na uliundwa chini ya Umoja wa Watangazaji wa Ulaya. Kazi ilianza katika miaka ya 1970, kanuni zake zikachapishwa mwaka 1984, na BBC ikaanza kuutumia kule Uingereza mwaka 1987.

Stesheni ya FM inayotangaza kwa stereo hutuma, pamoja na sauti, mlio mwembamba wa kilohezi 19. Kazi ya mlio huo si kusikika, bali ni kuiarifu redio kwamba matangazo ni ya stereo. Ndio uliokiwasha kile kitaa kidogo chekundu katika redio za zamani. Kwa kilohezi 57, yaani mara tatu ya mlio huo, ndipo yanapopandishwa maandishi. Sikio la binadamu halifiki huko.

Maandishi hayo husafiri kwa alama mbili tu, sifuri na moja, na kila sekunde hupita alama 1,187 na nusu. Hufungwa mafungu mafungu, kila fungu alama 104, nalo lina vipande vinne. Katika kila kipande, alama 16 ni ujumbe na 10 ni za ukaguzi. Redio huzipigia hesabu, na ikiona haziafikiani hujua kwamba ujumbe umeharibika njiani. Ndiyo maana mahali penye mawimbi dhaifu waweza kusikia sauti kwa mikwaruzo, lakini jina lisitokee.

Jina lenyewe limetengewa nafasi nane tu, na huletwa herufi mbili mbili. Hebu hesabu nami: PWANI FM, pamoja na ule mwanya wa katikati, laenea sawasawa. RADIO RAHMA halienei. Halina budi kufupishwa. Kwa maneno marefu iko nafasi nyingine ya herufi 64.

Lakini jina ni la kutusomea sisi watu. Redio haitegemei jina. Hutegemea namba isiyoonekana, ambayo imo ndani ya kila fungu, na ambayo yaonyesha nchi, eneo la matangazo na programu yenyewe. Stesheni yenye mitambo katika miji mingi huipa mitambo yote inayotangaza programu moja namba ile ile, na huitajia redio masafa yake mengine. Gari likienda mbali na mawimbi yakififia, redio hujaribu masafa hayo, hulinganisha namba, na ikiwa ni ile ile huhamia. Dereva hagusi kitu, na jina kiooni halibadiliki.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu msomaji anisikilize vizuri. Redio hufuata programu; haifuati mji. Jua hutua Mombasa kabla ya Nairobi kwa kadiri ya dakika 11, zikiongezeka au kupungua kidogo kwa majira ya mwaka. Sasa mchukue mtu aliyefunga, yuko Nairobi, naye asikiliza stesheni inayorusha adhana ya Magharibi ya Mombasa. Jina analiona kiooni, sauti ni safi kama ya jirani, lakini jua la alipo bado halijatua. Akifungua kwa adhana hiyo, amefungua kabla ya wakati. Hata aliyefika Voi yuko nyuma ya Mombasa kwa dakika nne hivi. Hapana kitu katika kioo kitakachomwambia.

Na saa nayo ni vivyo hivyo. Katika mtindo huu saa hutumwa na stesheni mara moja kila dakika, kwa saa ya dunia pamoja na tofauti ya nchi, ambayo kwetu ni saa tatu mbele. Saa ya mitambo ikiwa imetegwa vibaya, kila redio inayoifuata nayo itakosea, na wenye magari watakosea pamoja nayo.

Tena yako magari yanayoshushwa Kilindini kutoka Japani. Huko FM huanza megahezi 76, na redio nyingi za magari hayo hukoma 90, hali FM yetu ni kutoka 87.5 hadi 108. Wala mtindo wa RDS hautumiki Japani, basi nyingi ya redio hizo hazisomi majina kabisa. Mafundi wetu hutia kidude cha kuyateremsha mawimbi. Kikiteremsha kwa megahezi 12, stesheni ya 95.5 husomeka 83.5. Sauti ni ya kweli, namba ya kiooni si yake.

Sisemi haya ili tuzitupe redio zetu. Kioo husoma kilichotumwa, nacho hukisoma kwa uaminifu. Lakini aliyekituma hajui wewe uko wapi. Basi katika Ramadhani, mwenye redio na aisikilize, ila mkononi awe na ratiba ya swala ya mji aliomo, na saa aliyoihakikisha mwenyewe. Na aliye safarini kwenye barabara ya Nairobi na aulize kwanza: adhana hii ni ya wapi?