WAUGUZI WA KIKOSI CHA DHARURA: KAZI WANAYO, DARAJA HAWANA

Mashine ya kiwandani haifi ghafla. Kwanza hubadili mlio, ikapata moto, na fundi mzoefu huitambua. Mgonjwa wodini ni vivyo hivyo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1990, juu ya watu 64 ambao moyo ulisimama wakiwa hospitalini, ulionyesha kwamba asilimia 84 walikuwa na dalili za kuzidiwa katika saa 8 za kabla, hasa kuhema vibaya na kuchanganyikiwa akili.

Mwaka huo huo Hospitali ya Liverpool, mjini Sydney, Australia, iliunda kikosi cha kuitwa mapema. Muuguzi wa wodi akiona pumzi au mapigo yamepita kipimo kilichowekwa, hupiga simu mwenyewe, bila kungoja ruhusa ya mkubwa. Marekani vikosi hivi vilienea sana baada ya kampeni iliyoanza Desemba 2004, na huko mara nyingi mwenye kuongoza kikosi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi.

Muuguzi huyo anapewa nini? Cheti cha kufufua moyo, ambacho hudumu miaka 2. Kinafaa, lakini kinahusu moyo uliokwisha simama, na yeye ameajiriwa kuzuia usisimame! Anahitaji mazoezi ya kupima hali ya mgonjwa asiyemjua, kuamua kwa dakika chache, na kumwambia daktari bila woga kwamba mgonjwa ahamishwe. Mwajiri aweza kuutaja uchunguzi wa Australia wa mwaka 2005, katika hospitali 23, ambao haukuona tofauti kubwa ya vifo. Asisahau kutaja pia kwamba humo wagonjwa wengi wenye dalili hawakuitiwa kikosi. Simu isiyopigwa haiokoi mtu, na wauguzi wa wodi nao wafundishwe.

Tena kuna hospitali ambako muuguzi wa kikosi hubaki na wagonjwa wake mahututi. Akiitwa ghorofa nyingine, mwenzake huachiwa mzigo wote. Katika jimbo la California sheria hairuhusu muuguzi wa mahututi kuwa na wagonjwa zaidi ya 2 wakati wowote, hata mwenzake akienda kula. Pasipo na sheria kama hiyo, jambo hili ni la mkataba: zamu ya kikosi isiwe na wagonjwa wengine, saa za mafunzo zilipwe, na jina la kazi liandikwe pamoja na daraja lake la mshahara.