Bigo: mahandaki ya kulinda nini?

Kando ya mto Katonga, kusini-magharibi mwa Uganda, kuna mahandaki ya Bigo ambayo urefu wake ukijumlishwa unapita kilomita 10. Kwingine mtu mzima akisimama ndani haonekani kabisa. Wachimbaji walipofika kwenye mwamba hawakuukwepa. Waliukata kwa zana za chuma na nguvu za mikono. Katikati, juu ya kilima, kuna maboma ya udongo, na nje yake handaki kubwa limezungushia malisho hadi ukingoni mwa kinamasi cha mafunjo.

Masimulizi ya wenyeji yanayahusisha na Mugenyi, mmoja wa Wachwezi, watawala waliokuja wakatoweka. Wanaakiolojia nao walichimba kutafuta ushahidi: Peter Shinnie mwaka 1957, kisha Merrick Posnansky mwaka 1960.

Umri wa handaki hujulikanaje? Linapoachwa tu, huanza kujifukia. Mvua huporomosha kingo, udongo hutuama chini tabaka juu ya tabaka, na vipande vya mkaa hunaswa humo. Mkaa ukipimwa kaboni hutoa tarehe, lakini ule wa ndani ya handaki uliingia baada ya kazi kwisha. Anayetaka kujua ya kabla huchimba chini ya tuta la udongo uliotolewa handakini, penye udongo wa kale uliofunikwa siku handaki lilipochimbwa. Kwa njia hizo Bigo huwekwa yapata karne ya 14 hadi ya 16.

Wengi huiita ngome. Mimi naona hesabu inakataa. Ukipanga mlinzi mmoja kila mita 10 kwenye kilomita 10, unahitaji watu 1,000 usiku na mchana, ilhali vyungu vilivyofukuliwa ni vichache mno kwa umati wa namna hiyo. Posnansky aliona kwamba maboma ya kati yanafanana na makao ya wafalme wa Ankole wa baadaye, na kwamba eneo kubwa la nje liliwafaa ng'ombe. Handaki haliwezi kuzuia jeshi lililokusudia, lakini wezi hawawezi kulivusha kundi la ng'ombe gizani.

Jirani, huko Ntusi, wanaakiolojia wamekuta vichuguu vikubwa vya taka vilivyosheheni mifupa ya ng'ombe, pamoja na mawe ya kusagia nafaka. Nchi hii ilikuwa na maziwa, nyama na unga, na bila chakula hicho hakuna mtawala ambaye angeweza kuwashindisha watu wake mwambani msimu baada ya msimu.